Hodi ya Mgeni Huandikwa na Mwenyeji

Wahenga wetu wametuachia misemo miwili juu ya mgeni, na ukiisikiliza kwa haraka utadhani inagombana. Mmoja wasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa pili wasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa msemo wa kwanza mgeni ni baraka: huingia nyumbani na riziki yake, kuku akachinjwa, na wa ndani wakala naye. Kwa msemo wa pili mgeni ni mtu kama watu wengine. Ana mikono miwili, na asiyeitumia mikono yake katika nyumba anamokula na kulala huwa mzigo. Lakini kwa kweli misemo hii haigombani hata kidogo. Yote miwili yatufundisha kwamba ugeni una adabu zake, na kwamba mlinzi wa adabu hizo ni mwenyeji.

Zamani adabu hizi zilikuwa na nafasi ya kutimia. Mgeni wa Pwani alikuja na jahazi kwa upepo wa kaskazi, naye hakuwa na budi kungoja kusi ndipo arudi kwao. Miezi ile ilitosha kumjua mtu: anasali wapi, ana kazi gani mkononi, ulimi wake mtamu au mchungu. Leo tuna mgeni wa namna mpya. Yeye huja na ndege, katika kundi la watu kumi au ishirini, kutoka Uingereza, Marekani, Ujerumani, na hata kutoka nchi za Ghuba. Wala haji kutembea tu, bali asema amekuja kujitolea. Atachimba kisima, atajenga darasa, atapima watu macho, atafundisha watoto. Muda wake ni siku kumi, au wiki mbili ikizidi sana. Siku mbili za mwanzo uchovu wa safari bado unamlemea, na siku ya mwisho anafunga mizigo. Sasa, ndugu msomaji, jembe tutampa lini?

Mimi nasema mgeni wa namna hii lazima apewe jembe lake kabla hajapanda ndege, na hupewa kwa karatasi. Barua ya mwaliko, kibali cha kazi, leseni ya tabibu, cheti cha mwenendo mwema: vitu hivi watu wengi huviona ni usumbufu wa maofisini. Mimi naviona ni hodi. Na hodi ya mgeni wa siku kumi isiachiwe mgeni mwenyewe, wala wakala wa safari huko alikotoka. Iandikwe na mwenyeji.

DAFTARI LA MALILI

Kila msafiri wa basi la Mombasa kwenda Nairobi anaijua Malili, japo hajateremka hapo. Ukishapita Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani wa Unguja Hamoud bin Mohammed, aliyetawala tangu 1896 hadi 1902, unapita Salama, kisha unaingia Malili, kiasi cha kilomita 60 kabla ya kufika Nairobi. Ni mji mdogo wa barabarani katika Kaunti ya Makueni. Jina lake limevuma tangu serikali iliponunua ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili mwaka 2009 ili kujenga mji mpya wa Konza, ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Upande huu unajengwa mji wa kompyuta; upande wa pili, ukiiacha lami na kushuka vijijini, maji bado ni shida na mvua ni za kuhesabu. Na penye shida ya maji, wageni wa kujitolea hawakosi.

Nilifika huko kwa ajili ya kundi la vijana waliozaliwa Uingereza, wajukuu wa watu wa Mombasa na Lamu. Walikuwa wamechanga sadaka ya maji, ile sadaka ambayo thawabu zake hazikatiki, nao wakataka waje wenyewe wafanye kazi kwa mikono yao. Jamaa zao wa Mombasa waliniomba nifuatane nao tukaonane na kamati ya kijiji. Katibu wa kamati ni mwalimu mstaafu, Mkamba na Mkristo, mtu wa maneno machache. Alitukaribisha katika hoteli ya chai kando ya barabara, akaagiza chai, kisha akafungua daftari kubwa.

Katika daftari lile kila mgeni alikuwa na mstari wake. Jina lake kama lilivyo katika pasipoti, si kama aitwavyo nyumbani. Namba ya pasipoti na tarehe ya kwisha kwake, kwa sababu yatakiwa iwe imebakiwa na miezi 6 au zaidi. Umri wake; na aliye chini ya miaka 18, barua ya wazazi wake. Maradhi aliyo nayo na dawa anazotumia. Mtu wa kupigiwa simu huko kwao likitokea la kutokea. Na safu ya mwisho ilikuwa na neno moja tu juu yake: KAZI.

"Safu hii ndiyo inayonichelewesha," Mwalimu alituambia. "Wengine wameleta picha na namba zote, lakini penye kazi wameandika kusaidia. Kusaidia si kazi, Mzee wangu. Kusaidia nani, kwa kufanya nini, chini ya nani?"

Mmoja wa vijana wale alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, naye aliandika kwamba angependa kudunga watoto sindano za chanjo. Mwalimu alikuwa amelikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika: kupima uzito wa watoto na kujaza rejista, chini ya muuguzi wa zahanati. Wengine walitaka kupaka rangi madarasa. Hilo alilikata lote.

"Wapaka rangi tunao hapa hapa Malili, na wamekaa bila kazi," alisema. "Rangi nunueni, na ujira wao walipeni. Ninyi njoni mbebe mawe na mchanga pamoja na watu wa kijiji. Kazi hiyo kila mtu hapa huifanya bure, na mikono haitoshi."

Jamaa mmoja tuliyekuwa naye alinung'unika. Vijana wamejilipia nauli, alisema, wanakuja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nasi tunawawekea masharti kama watu wanaotafuta ajira! Mwalimu hakukasirika. Alijibu kwamba kwa Kikamba mgeni huitwa mueni, na mueni akija hupewa kigoda akae. "Lakini kigoda tunakiweka sisi," alisema, "mahali tunapotaka akae."

Nami tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari neno hilo. Mapokezi mangapi nimeyashuhudia, Pwani na bara, ambayo mgeni ndiye aliyechagua mahali pa kigoda, na mwenyeji akabaki kupiga makofi!

"SEMA UMEKUJA KUTALII"

Upo ushauri mmoja ambao nimeusikia mara nyingi katika kamati za mapokezi. Husemwa kwa sauti ya chini na kwa tabasamu: mwambieni mgeni, akiulizwa uwanja wa ndege, aseme amekuja kutalii. Ni rahisi, ni haraka, na nani atamfuata hadi kijijini?

Tuangalie kwanza sheria inasemaje. Tangu Januari 2024 Kenya imeiacha viza ya zamani, na mgeni wa nchi za mbali huomba idhini ya kusafiri kwa njia ya mtandao kabla hajaondoka kwao, ile watu waitayo eTA. Katika ombi hilo huulizwa anakwenda kufanya nini na atakaa wapi. Idhini hiyo ni ya kuingilia nchini. Si ruhusa ya kufanya kazi. Kazi ina mlango wake. Kwa muda mfupi kuna pasi maalumu, na kwa watu wa dini na wa hisani wanaokaa zaidi kuna kibali cha kundi la I. Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, mgeni anayefanya kazi bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wala asijidanganye mtu kwamba kujitolea si kazi kwa kuwa hakuna mshahara. Anayejenga anajenga, na anayetibu anatibu, alipwe asilipwe.

Lakini mimi sitaki tuishie kwenye hofu ya faini. Liko jambo kubwa kuliko hilo. Tunapomwambia mgeni aseme ni mtalii, tumemfundisha nini kuhusu nchi yetu, hata kabla hajaweka mguu? Tumemfundisha kwamba hapa mlangoni husemwa uwongo. Kijana amechanga sadaka mwaka mzima, ametia nia njema, na neno la kwanza analolitamka katika ardhi ya babu zake ni uwongo tuliompa sisi. Kisha tunashangaa akifika kijijini akapiga picha bila kuuliza, akagawa pesa ovyo, akaingia darasani bila kumwona mwalimu mkuu! Aliyeingia nchi bila hodi ataona ajabu gani kuingia darasa bila hodi?

Sisi Waislamu jambo la hodi hatukulipata kwa mila peke yake. Katika Sura ya Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, basi turudi, kwani hivyo ndivyo usafi zaidi kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka; tena ametukataza kukaa kwa mtu mpaka tumtie katika dhiki. Na waliosoma fiqhi wanajua kwamba kuna mlango mzima unaozungumzia amani, yaani hifadhi anayopewa mtu wa nchi nyingine aingiapo kwa ahadi: yeye ahifadhiwe nafsi yake na mali yake, naye asivunje ahadi aliyoingia nayo. Kibali cha leo kina maana gani kuliko hiyo? Ni ahadi ya pande mbili. Anayeingia kwa jina la utalii na kufanya mengine ameivunja ahadi tangu mlangoni, hata kama kazi yenyewe ni ya kheri.

BARUA YA SAYYID SAID

Tena mambo ya barua za wageni si mapya katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliwakuta vijana wa mji wakiziendea jahazi kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kusema huyu ni mgeni wangu. Na tangu hapo mgeni hushukia kwake, na mwenyeji huyo ndiye humwuzia na kumnunulia. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi na kwa sultani kwanza. Tazameni mpango huo: kabla mgeni hajakanyaga nchi kavu yuko mtu aliyekwisha kusema mbele ya watu kwamba huyu ni wangu, likimpata jambo niulizeni mimi. Huo ndio mwaliko, na huo ndio udhamini, isipokuwa wao waliuandika kwa sahani ya chakula.

Kuna na kisa cha karibu zaidi, kinachounganisha Pwani yetu na Ukambani. Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alipofika Unguja mwaka 1844, Sayyid Said bin Sultan alimpa barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwataka wamtendee wema na wamsaidie. Sayyid Said alikuwa Mwislamu, na mgeni alikuwa amekuja kueneza Ukristo. Lakini mwenye nchi alimpa hati, na hati ile ikaheshimiwa Mombasa. Hayo ni ya pwani. Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai kwenda Ukambani, na huko barua ya Unguja haikuwa na nguvu. Alichohitaji ni mwenyeji, naye alimpata: Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya pembe. Akiwa kwa Kivoi, tarehe 3 Desemba 1849, ndipo alipouona Mlima Kenya.

Mwaka 1851 Krapf alirudi. Safari hii alifuatana na Kivoi kuelekea mto Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi njiani, na Kivoi akauawa. Krapf alinusurika akapotea nyikani peke yake, akafika mtoni na kuchota maji katika mfuko wa darubini na mtutu wa bunduki yake. Aliporejea kwa jamaa za Kivoi, walimtaka yeye ajibu kwa kifo cha mtu wao, na ikambidi atoroke usiku hadi akafika pwani. Kwa siku moja mgeni yule yule aliyekuwa akipewa mbuzi amekuwa mtu wa kuwindwa, kwa sababu aliyemdhamini hayupo tena, na hakuna mwingine aliyejua alikuja kufanya nini.

Mafunzo ni mawili. Barua ya mkubwa aliye mbali haitoshi. Lazima awepo mwenyeji wa mahali penyewe. Na mwenyeji mmoja hatoshi. Lazima kamati nzima, chifu, na majirani wajue mgeni ni nani na kazi yake ni ipi. Mwalimu wa Malili alikuwa amekwisha kumpelekea chifu nakala ya majina, na nakala nyingine zahanati. Hakufanya hivyo kwa kumwogopa mtu. Alitaka, ikiwa yeye ataugua siku ile, wageni wasije wakawa watu wasio na mwenyewe.

PENYE JEMBE PANA FAIDA

Wapo wanaosema safari hizi fupi hazina maana kabisa, kwamba nauli zile zingetumwa kama sadaka zingefanya kazi kubwa zaidi. Mara nyingi wanasema kweli. Mimi siwezi kulitetea kundi linalokuja kujenga ukuta ambao fundi wa kijiji angeujenga vizuri zaidi na akapata ada ya shule ya watoto wake. Lakini nisingesema zote hazina faida, maana jirani na Malili upo ushahidi.

Huko Kola, Kaunti ya Machakos, Joshua Mukusya na wenzake walianza mwaka 1978 kazi iliyokuja kuitwa Utooni, ya kujenga mabwawa ya mchanga. Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa juu ya mwamba, kuukinga mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga ule ambapo jua haliwezi kuyakausha upesi. Kiangazi kikija watu huchota. Kazi hujengwa kwa mwethya, yaani ule ujima wa Kikamba ambao kila nyumba hutoa mtu. Mwaka 1985 Mwingereza kijana, Simon Maddrell, alifika Kola na kundi la kujitolea, akafanya kazi chini ya watu wale. Miaka 17 baadaye, mwaka 2002, yeye na Mukusya wakaanzisha shirika la kusaidia kazi hiyo, ambalo leo laitwa Sand Dams Worldwide.

Faida ile ilitokana na nini? Kundi lile halikuleta jembe lake. Lilikuta watu wameinama wanafanya kazi waliyoianza wenyewe miaka 7 kabla, likapewa mahali katika mstari. Hiyo ndiyo siku ya tatu ya msemo wetu.

WATOTO NA WAGONJWA

Kuna sehemu mbili ambazo uzembe wa karatasi huua au huharibu maisha, nazo ni hospitali na nyumba za watoto.

Daktari mgeni, hata awe bingwa kwao, hana ruhusa ya kumgusa mgonjwa Kenya mpaka apate leseni ya muda ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Muuguzi naye ana Baraza la Wauguzi. Dawa zinazoletwa na kundi zahitaji idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu, si kutiwa katika sanduku la nguo. Mama wa Makueni ana haki ile ile ya mama wa London: kutibiwa na mtu ambaye jina lake limeandikwa mahali, ili akikosea ajulikane ni nani na alijifunzia wapi.

Kwa watoto nitasema waziwazi zaidi. Mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma, Marekani, ilimhukumu kijana mmoja kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu watoto wa nyumba moja ya malezi karibu na Nairobi, alikokuja kujitolea mwaka 2014. Alikaribishwa kama mfadhili. Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto, ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na mpango wa miaka 10, tangu 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto katika familia badala ya kuwajaza katika nyumba hizo. Hata picha ina sheria yake, ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Basi kamati inayowapokea wageni watakaokaa na watoto, iwe ya kanisa, ya msikiti au ya madrasa, na idai cheti cha polisi cha mwenendo mwema kutoka nchi ya kila mgeni, na iweke sharti kwamba hakuna mgeni atakayebaki peke yake na mtoto. Kumwonea mgeni haya katika jambo hili si ukarimu. Mwana wa yatima ni amana, na tutaulizwa.

SISI NA KARATASI

Najua msomaji wangu wa Pwani ana neno moyoni. Anataka kuniambia: wewe unatusifia karatasi sisi? Sisi ambao watoto wetu walipofikia umri wa kitambulisho waliulizwa cheti cha babu, wakapigwa msasa mbele ya kamati, wakarudishwa mara tatu, na wengine mpaka leo wana majeraha? Mgeni anaombewa idhini kwa siku chache kupitia mtandao, na mzaliwa wa Mji wa Kale alihojiwa kama mgeni!

Neno hilo ni la haki. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada uliowabagua watu wa maeneo ya mpakani, nasi tunangoja kuona utekelezaji wake katika kila ofisi na kila kaunta. Lakini hasira yetu isitupoteze njia. Tulichokilalamikia miaka yote ni karatasi iliyotumiwa kumfungia mlango mwenye nyumba. Dawa yake si kuzichukia karatasi zote na kumfundisha mgeni kuzikwepa. Dawa yake ni sisi wenyewe kuishika kalamu. Barua ya mwaliko ni karatasi mojawapo chache ambayo haiandikwi na ofisa. Huandikwa na mwananchi wa kawaida, kwa jina la kijiji chake, na serikali mbili huisoma. Kwa nini nafasi hiyo tumwachie wakala wa London?

Na kazi hii Waislamu wa Pwani hawaianzi leo. Nani asiyeijua shughuli ya kutayarisha msafara wa Hija? Pasipoti zinakusanywa miezi kabla, chanjo na vyeti vyake vinakaguliwa, mzee anaandikiwa dawa zake, kila kundi lina kiongozi, na kila haji anavaa jina na anwani ya mahali aliposhukia. Hatuoni kwamba karatasi hizo zinapunguza ibada. Twaona ni sehemu ya kujiandaa nayo. Ujuzi uliotufaa kwenda kwa watu utufae pia kuwapokea watu.

Basi rai yangu kwa kamati za misikiti, za vijiji na za shule ni hii. Kila moja iwe na daftari lake, na daftari lifunguliwe miezi mitatu kabla ya safari, wala si wiki ya mwisho. Mwaliko utolewe na shirika lililosajiliwa, na tujue kwamba tangu Mei 2024 mashirika haya yanaongozwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma. Barua itaje mahali, tarehe, idadi ya watu, kazi ya kila mmoja, na jina la mwenyeji atakayemsimamia. Mgeni aelezwe na mambo madogo yanayoaibisha njiani: kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwamba Ramadhani haliwi chakula hadharani mbele ya waliofunga, kwamba mtu hasalimiwi kwa kamera. Na kundi lisilotaka kuandika kazi yake, au lisilotaka kuleta cheti cha mwenendo, liambiwe kwa adabu kwamba mwaka huu hatuna nafasi. Dini yetu imekwisha kutufundisha kwamba mtu akiambiwa arudi, hurudi, na haikuwa aibu kwake wala kwa aliyemrudisha.

Vijana wa Uingereza, wakati ninaandika haya, bado wanajaza safu ya mwisho ya daftari la Malili. Wawili wameandika kubeba mawe. Mmoja ameandika kupika pamoja na kina mama wa kijiji, kwa kuwa hicho ndicho akijuacho. Mwalimu amewakubali wote watatu. Waliobaki wamepewa mpaka mwisho wa mwezi.